Kwaresima ya Ukungu

Mbuzi wa Mzee Yotamu anaitwa Evarista, na ukungu wa Daktari Evarista unaitwa Yotamu. Naanza hapo kwa sababu wageni wengi wanaofika maabara yetu hapa Mbeya hukwama hapohapo, wakadhani hawa wawili wana kesi baraza la kata. Hawana kesi. Ni watani. Evarista ni Mhehe wa Ipogolo, Iringa. Yotamu ni Msangu, mkulima wa mpunga kule Chimala. Wazee wao walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona bora waendelee kwa maneno. Mimi ni Catherine, fundi sanifu wa maabara, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani, na sina subira na kabila lolote kati ya hayo mawili.

Ukungu wenyewe si wa mzaha. Si ule wa asubuhi, ni kuvu, ndio ule ugonjwa unaochoma mpunga. Jani linaota doa lenye umbo la jicho, kingo za kahawia na katikati kijivu, na ukifika kwenye shingo ya suke, suke lote linageuka jeupe na ndani hamna punje. Evarista aliuchukua shambani kwa Yotamu miaka kadhaa iliyopita. Ukungu unaoingia maabara yetu hupewa jina la ulikotoka, kwa hiyo akaandika "Yotamu" kwenye kibandiko, akaona amefanya jambo la heshima. Mwenyewe alipoambiwa, alimgeukia mkewe Kalista.

"Mama, yule mwanambuzi wa juzi, asiyeshiba, mwenye makelele. Tumwite Daktari Evarista."

Mwaka huu utani huo ukatufikisha pabaya. Makao makuu yalitangaza kwamba vyumba visivyo na matokeo vitafungwa, na chumba chetu cha ukungu kikawa cha kwanza kutajwa. Kamati ingekuja kutazama kwa macho yake. Evarista akishindwa kuonyesha alichogundua, chumba kinatiwa kufuli na yeye anahamishiwa Pwani. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mama yake, Mama Benedicta, anaishi peke yake Ipogolo na goti lisilotaka kupona. Kutoka Mbeya, Evarista huondoka Ijumaa akamwogesha, akampikia, wakaenda misa pamoja, akarudi Jumapili. Kutoka Pwani angekuwa mtoto wa kwenye simu.

Alichogundua nitakieleza kama anavyokieleza yeye, kwa sanduku la bati la mama yake. Ndani ya kila seli ya ukungu mna uzi mrefu wenye maelekezo yote, yaani jeni: namna ya kula, ya kukua, na namna ya kutoboa jani la mpunga na kulitesa. Uzi huo haukai ovyo. Umezungushwa kwenye shanga ndogondogo za protini, na pale ulipobanwa sana hausomeki. Ni kama kanga za Mama Benedicta, anasema Evarista. Za kanisani ziko juu, za msibani ziko chini kabisa, zimekunjwa na kufungwa kamba. Huwezi kusema hana kanga ya msiba. Anayo, hajaifungua tu. Ukungu nao umezikunja jeni zake za ubaya huko chini, na unapotua kwenye jani la mpunga ukiwa na njaa, kuna protini inayokuja kusukuma shanga na kulegeza kamba. Hiyo anaiita mfunguaji. Katika ukungu mmoja aliizima kabisa, na ukungu huo, tunaouita Bubu, ukiunyunyiza kwenye mpunga unakaa tu kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Kazi ya kamati basi ilikuwa rahisi. Ndani ya banda la plastiki nyuma ya maabara tungeweka trei tatu za miche ya mpunga. Moja ya ukungu Yotamu, moja ya Bubu, moja ya maji matupu. Trei ya kwanza iugue, nyingine zibaki kijani, kamati ipige makofi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dokta Faustin wa makao makuu, mtu mpole anayesafisha miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Na mwakilishi wa wakulima, wajameni, alikuwa nani? Mzee Yotamu wa Chimala.

"Mhehe haachiwi mlango wazi," alisema siku ya kunyunyiza. Akafunga banda kwa kufuli lake mwenyewe, ufunguo akauvaa shingoni. Kuta za plastiki zilikuwa zimejaa mvuke, huoni kitu ndani. "Tutafungua wote, kamati ikiwepo. Na tuwekeane, mtani. Ukungu wako ukiua mpunga, nakupa mbuzi Evarista, umlishe mwenyewe. Usipoua, unakuja Chimala kuniamia ndege, uwafukuze shambani kutwa."

"Andaa kamba ya mbuzi," alisema Evarista.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi. Unga tunaolishia ukungu ulikwama bandarini tangu kabla ya Krismasi. Mtu wa kwingine angepiga simu, angelalamika, angesubiri. Evarista alisema, "Kwani kwetu hakuna ulanzi?" Wakati wa mvua, Iringa nzima mianzi inagemwa, na ule utomvu wa siku hiyohiyo, kabla haujachacha, ni mtamu kama soda. Akamwambia mama yake kwamba ana wageni maabara wanaohitaji kunywa. Mama Benedicta hakuuliza wageni gani. Kwake mgeni ni mgeni. Akauchemsha, akaujaza kwenye dumu, akaupakia basi la Mbeya.

Dumu la kwanza lilipasuka likiwa limepita kidogo tu Mafinga, na kondakta akatupigia simu akiwa na matusi na shati lililolowa. La pili tulilegeza kizibo, likafika. Tukauchuja, tukauchemsha tena kwenye jungu la mvuke, tukaugandisha kwenye vibakuli, tukauweka ukungu wetu humo. Ulikua! Mweupe, mnene, laini kama pamba, unajaa kibakuli mpaka unataka kuinua kifuniko. Kila mara tuliuhamishia kwenye ulanzi mpya, na kila mara tuliusifu. Ulanzi uliobaki tuliusaidia wenyewe.

Siku ya kufungua, Yotamu alikuja na koti la harusi. Alivua ufunguo shingoni taratibu kama anafungua ibada ya ubatizo, akasukuma mlango, tukaingia wote. Mvuke ulipotoka, tukaona.

Trei tatu zote kijani. Kijani cha kupendeza. Trei ya ukungu Yotamu ndiyo iliyokuwa na afya kuliko zote.

Dokta Faustin akavua miwani akaanza kuisafisha. Mimi nilipekua jani moja moja nikitafuta hata kadoa kamoja ka kudanganyia, sikupata. Halafu Yotamu akaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka soko la Mwanjelwa.

"Mnaona? Ukungu wenye jina langu una adabu! Umefika, umesalimia, umekaa. Daktari angeuita kwa jina lake, mpunga ungekuwa umeliwa mpaka trei!"

"Umeingia humu!" Evarista alimfokea, na hapo haukuwa utani tena. "Ufunguo ulikuwa nao wewe. Umeipaka miche dawa!"

Kicheko kilikatika. Yotamu alimgeukia. "Mtani," alisema, "matusi yote unaruhusiwa. Hilo hapana." Akavaa kofia yake akatoka.

Dokta Faustin alitupa nafasi moja ya mwisho. Jumatano ya Majivu ilikuwa imeshapita. Akasema kamati itarudi baada ya Pasaka, na akaondoka bila kugusa chai.

Evarista alikaa siku kadhaa anasoma uzi wa ule ukungu herufi kwa herufi, akidhani labda vibakuli vimechanganyika na tulinyunyiza Bubu mara mbili. Havikuchanganyika. Herufi zote zilikuwepo. Jeni za ubaya zote zilikuwepo, nzima, hazina hata kovu. Ila alipopima zipi zinasomwa, zile hazisomwi hata moja. Mfunguaji yupo, kanga zipo, sanduku halifunguki. "Kwa nini?" aliuliza ukuta, na ukuta haukusoma chuo.

Basi akaenda kulipa dau. Nilimwambia asiende, mtu mwenyewe tumemkosea. "Ndiyo maana naenda," akasema. Nikamfuata, kwa sababu kumwona daktari wa falsafa akifukuza ndege ni kitu ambacho singekosa kwa mshahara wowote.

Mpunga wa mapema pale Chimala ulikuwa umeanza kubeba, na kwelea, ndege wala nafaka, walikuja kwa makundi. Yotamu alimpandisha Evarista kwenye dungu la miti katikati ya shamba, akampa debe bovu na fimbo, akakaa chini kivulini na chai yake.

"Piga, Daktari! Yule wa kushoto amesoma kukuzidi, hakuogopi!"

Evarista alipiga debe mpaka mikono ikamwuma. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisimama wakauliza yule ni nani, na Yotamu akawajibu kwa fahari, "Ni mtaalamu. Nimemwagiza Mbeya." Mbuzi Evarista alikuwa amefungwa chini ya dungu, na kila Evarista wa juu alipopiga kelele, wa chini alimjibu.

Mchana Kalista alituletea wali na maharage. Evarista alishuka, hakugusa sahani.

"Mzee wangu," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimwita hivyo. "Nilikusingizia mbele za watu. Nisamehe."

Yotamu alitafuna kwanza. "Unajua kwa nini liliniuma?" alisema. "Ule mwaka ulipokuja kuchukua ukungu wako, mimi nilivuna mabua. Masuke yote meupe, ukiyakamua hewa tupu. Mimi, mtu wa Chimala, nikaenda sokoni kununua unga wa mahindi. Unga kutoka Iringa. Nilikula ugali wa Wahehe mwaka mzima, na nilimwambia mke wangu asimwambie mtu." Kalista aliinamisha uso akitabasamu kwa huzuni. "Halafu unasema mimi ndiye niulinde mpunga usiugue ili nikushinde? Mimi nilitaka kuuona ukiugua, mtani. Nilitaka huyo mfunguaji wako akamatwe."

Evarista alilia kidogo, waziwazi, akajifuta kwa mkono wenye kutu ya debe. Kisha akala, na alikula vizuri.

Alikuwa amerudi juu ya dungu pale simu ilipolia. Mama Benedicta huyo. Evarista aliweka sauti ya nje ili aendelee kupiga debe, kwa hiyo tulisikia wote.

"Kamwene, mwanangu. Hizo kelele za nini?"

"Kamwene, Mama. Niko kazini."

"Haya. Wale wageni wako, ulanzi umewatosha? Nina dumu jingine hapa."

"Umewatosha, Mama. Wamenenepa. Ila kazi hawafanyi."

"Watafanyaje?" Mama Benedicta alicheka. "Unawapa ulanzi kabla ya kazi? Mimi marehemu baba yako nilikuwa simpi mpaka arudi shamba. Akishapata bilauri asubuhi, jembe halioni tena, hata ukimwekea mapajani. Na si siku hiyo tu, atakaa hivyo wiki nzima. Wewe wanyime, uone."

Debe likanyamaza. Kwelea wakashuka kundi zima kwenye mpunga wa Yotamu.

"Piga debe!" Yotamu alipiga kelele.

"Wameshiba," alisema Evarista. "Catherine, wameshiba! Tumewalisha sukari tangu Krismasi, kizazi juu ya kizazi. Kwa nini wafungue kanga za msiba na nyumbani kuna sherehe? Kila kizazi kimekaza kamba juu ya kamba ya mwenzake, mpaka mfunguaji hawezi kuzifungua hata akifika kwenye jani!"

"Piga debe, nimesema!"

Aliruka kutoka kwenye dungu badala ya kushuka, na nusura amkanyage wajina wake aliyekuwa amefungwa chini.

Hivyo ndivyo ukungu wetu ulivyofunga Kwaresima. Evarista, Mkatoliki asiye na huruma, aliugawa mara mbili. Nusu akauacha kwenye ulanzi, uendelee kustarehe. Nusu akauweka kwenye chakula cha kinyonge, maji yaliyogandishwa na vipande vya majani makavu ya mpunga, basi. Ule mweupe mnene ulisinyaa ukawa mwembamba, wa kijivu, wenye sura ya mtu anayedai haki yake. Kisha akauweka kwenye majani mabichi machache ndani ya chumba kilichofungwa, akautoa, akauweka tena, ili njaa ilegeze kamba kizazi kwa kizazi. Mimi Mmoraviani niliuonea huruma, siku moja nikataka kuuongezea kidogo cha utamu. Evarista alinishika mkono. "Bado Ijumaa Kuu," akasema.

Baada ya Pasaka kamati ikarudi. Safari hii trei zilikuwa nne: ukungu uliofunga, ukungu wa ulanzi, Bubu, na maji. Yotamu alifunga kufuli lake kama kwanza, lakini ufunguo alimpa Dokta Faustin. "Mimi nimeshasingiziwa mara moja, inatosha," alisema, akamkonyeza Evarista. Siku ya kufungua alikuja na mbuzi. Alimfunga kwenye nguzo ya maabara, akasema amemleta apate hewa.

Evarista hakuweza kuingia wa kwanza. Alisimama nyuma yangu amenishika koti kama mtoto wa kliniki. Mlango ukafunguliwa, mvuke ukatoka.

Trei ya maji, kijani. Bubu, kijani. Ukungu wa ulanzi, kijani, mpunga unacheka. Na trei ya ukungu uliofunga ilikuwa imekwisha. Majani yamejaa macho, kingo za kahawia, katikati kijivu, mengine yameungana na kukauka mpaka chini, yamelala juu ya udongo kama nywele zilizoungua.

Nilimkumbatia Evarista nikasahau kwamba ni bosi wangu. Kisha akasimama wima akaanza kueleza, na alieleza vizuri mpaka nikasikia fahari. Kwamba trei ya kwanza na ya pili ni ukungu uleule, herufi zilezile, hakuna kilichokatwa wala kuongezwa. Kwamba kinachotofautisha ni kilichofungwa na kilichofunguliwa. Kwamba sasa tunajua ukungu wa kweli kutoka shambani unaweza kufungwa ubaya wake bila kuguswa jeni, na kazi inayobaki ni kutafuta namna ya kuufunga hukohuko shambani.

"Kwa ulanzi?" aliuliza Dokta Faustin.

"Si kwa ulanzi," alisema Evarista haraka. "Shambani ungewalewesha wakulima tu."

Dokta Faustin aligusa miwani yake, tukaacha kupumua. Aliirekebisha tu puani. "Chumba kibaki," akasema. "Na wewe ubaki nacho."

Ndipo tukagundua kwamba Yotamu hajasema neno. Mtu ambaye huwezi kumnyamazisha hata kwenye mazishi alikuwa ameinama juu ya ile trei iliyokufa, mikono nyuma, anatazama.

"Ndiye," alisema mwishowe. "Ndiye huyu. Macho yake nayajua." Akamgeukia Evarista. "Mtani, jina."

"Jina gani?"

"Huyu asiitwe Yotamu tena. Miaka yote nimecheka, lakini kila ukitaja ukungu Yotamu namuona huyu, na namuona mke wangu anapepeta makapi. Huyu muuaji sitaki awe mimi." Akanyoosha kidole kwenye trei ya pili, ile ya ulanzi. "Mimi nipeni yule aliyeshiba akalala. Yule ni Msangu kabisa."

Evarista alitoa kalamu mfukoni, akabandua vibandiko vyote viwili. Kwenye trei ya ulanzi akaandika "Yotamu". Kwenye trei iliyokufa alishika kalamu hewani kidogo, akanitazama, akaandika "Evarista".

Yotamu alisoma herufi moja moja. Halafu kile kicheko kikarudi, chote, mpaka mbuzi akashtuka pale nguzoni.

"Nilisema mimi! Sikusema? Angeuita jina lake tangu mwanzo, tusingesubiri Pasaka!"

Jioni hiyohiyo Evarista alimpigia mama yake. Alikuwa amekaa nami kwenye ngazi za maabara, simu sauti ya nje, kamba ya mbuzi mkononi, na mbuzi anatafuna mfuko wa koti lake.

"Mama, sihamishwi. Nakuja Ijumaa, kama kawaida."

Upande wa pili tukamsikia Mama Benedicta akimshukuru Mungu kwa Kihehe, na Evarista akafunika macho kwa mkono. Akaongeza kwamba anakuja na mgeni.

"Mgeni gani tena? Anaitwa nani?"

Evarista alimtazama mbuzi. Sasa alikuwa wake, na jina la zamani lilikuwa limeshachukuliwa na ukungu.

"Anaitwa Yotamu, Mama."

"Karibuni. Basi nimchemshie ulanzi kabisa, akute."

"Usimpe!" tulipiga kelele wote wawili.